Skrubu Aliyoiona Don Casiano

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna helikopta ya rimoti iliyopaa kwenye klabu yetu ya Cochabamba kabla ya kupita mikononi mwa shemeji yangu, Casiano Rocabado. Alikuwa fundi saa. Biashara ya saa ilipodorora, akabaki na mikono isiyotetemeka na jicho kali. Watu walimletea vipande ndani ya masanduku, naye akaviunganisha: gia, mota, mkia, na mapanga yanayozunguka juu. Mapanga aliyapima kwenye mizani ya sonara, na lililo jepesi akalibandika kiutepe nchani mpaka yakalingana. Kisha ncha moja aliipaka rangi nyekundu na nyingine buluu, akaizungusha helikopta huku amechuchumaa mbali, atazame kama rangi zote mbili zinapita mstari mmoja. Moja ikiwa juu, alikaza kiungo nusu duru, akarudia tena. Alisifiwa sana, na sifa zikamlevya.

Ndipo akahamia mjini kwetu Yobana Vaca, daktari wa meno kutoka Santa Cruz, kule nchi tambarare.

"Hewa yetu ya mlimani nyepesi," Casiano aliniambia Jumapili ile ya kwanza, akitafuna salteña yake, ile sambusa ya kwetu. "Helikopta ya kule chini haina cha kushika huku. Itarukaruka kama kuku. Subiri, shemeji, utamwona anakuja kuniomba."

Hakuomba. Alikuwa ameshafunga mapanga marefu zaidi, na pembe yake, yaani jinsi yanavyoinama kukata hewa, ameipima mwenyewe. Helikopta ilipanda hadi usawa wa kifua, ikatulia hewani kana kwamba imetundikwa kwenye msumari.

"Don Casiano, ya kwako ilishawahi kutulia hivyo?" akauliza Ponciano, mtu asiye na breki mdomoni.

"Ya kwangu hairuki ili itazamwe na wajinga."

Watu wakacheka, lakini hawakucheka pamoja naye.

Kuanzia hapo masanduku yakaanza kupelekwa kwa daktari. Dada yangu Eulogia, mke wa Casiano, alinieleza kwamba mumewe hali chakula vizuri, yuko mezani, mara anafoka, "Mikono ya kung'oa meno ile!" na hakuna aliyemtaja mtu. Helikopta yake mwenyewe aliifungua mara nne ndani ya wiki mbili, akikaza huku na kulegeza kule, na kila mara ikazidi kuyumba. Lakini kilichomchoma hasa ni kwamba alitafuta kasoro kwenye ile ya Yobana, asiione.

Akaja kuiona Jumapili moja ya Agosti. Yobana aliiweka helikopta mezani mbele yake.

"Don Casiano, jana nimefunga mkia upya. Hebu nitazamie. Jicho lako si kama langu."

Nilikuwa pembeni yao. Kidole cha shemeji kilipita polepole, kikasita kwenye mkia, kikaendelea. Skrubu inayoshika wenzo wa mkia, ule unaoizuia helikopta isizunguke ovyo, ilikuwa imefungwa kavu, bila tone la gundi ya kuizuia isijifungue kwa mtikisiko. Mimi hilo sikulijua wakati ule. Nilichoona ni uso wake tu, namna ulivyobadilika.

"Iko sawa, Doktora," akasema.

Ikapaa. Dakika ya tatu wenzo ukachomoka. Helikopta ikazunguka kama pia, ikaelekea kwenye meza za chakula, na Eulogia alikuwa pale, sahani mkononi.

"Eulogia! Toka hapo!" Casiano alipiga yowe huku anakimbia.

Yobana alizima mota, na ule mzunguko wa wazimu ukakoma. Akaiacha ishuke kwa nguvu iliyobaki kwenye mapanga, na ilipokaribia chini akaongeza pembe. Ikatua nyasini, hatua sita kutoka kwa dada yangu, haina hata mkwaruzo.

Makofi yakalipuka. Casiano alisimama katikati ya uwanja, anahema. Baadaye alikiri kwangu jambo lililomtia aibu kuliko yote: kabla hajashukuru kwamba mkewe ni mzima, alikuwa ameuonea wivu utuaji ule.

Akamfuata Yobana mbele yetu sote.

"Skrubu ile niliiona."

"Uliiona lini?"

"Pale mezani. Ilikuwa kavu. Nikanyamaza."

"Kwa nini, Don Casiano?"

"Kwa sababu helikopta yako inatulia vile."

Yobana hakumpoza kwa kumwambia yamekwisha. "Mkeo alikuwa amesimama pale," akasema, akachukua helikopta yake na kuondoka.

Eulogia hakumsemesha mumewe siku tisa. Casiano naye hakukanyaga uwanjani hadi Oktoba. Aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwa daktari akamwomba amfundishe kutua mota ikiwa imezimwa. Yobana akakubali. Humfundisha kila Jumapili, akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, bila mzaha. Ila helikopta yake mwenyewe hajamruhusu aiguse tena, na Casiano hajaomba.

Wivu haujamtoka. Akiulizwa na wageni nani fundi hapa, hujibu, "Doktora," kisha hukohoa. Juzi, akijaribu kutua, aliibamiza yake chini, miguu yote ya helikopta ikapinda.

"Umechelewa kuongeza pembe," Yobana akamwambia. "Nyoosha miguu, urudie."

Casiano akapiga magoti, akaanza kuinyoosha.