Kumi na Saba Aliitika

Kama ni kucheka, cheka sasa tumalizane, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu na filimbi shingoni.

Agosti hiyo nilikuwa kiongozi wa kambi ya wasichana wa kanisa letu, huko mlimani, juu ya Kapsokwony. Walikuwa ishirini na wanne, wengine wa Bungoma, wengine wa Kitale, na kila mmoja nilimpa namba. Nikipuliza filimbi wanajihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Nusu dakika tumemaliza. Nilijiona hodari, niamini.

Mama Chebet, mpishi wetu na mwenyeji wa mlima, hakupenda. "Mwalimu, watoto wa watu hawahesabiwi hivyo kama mbuzi. Hesabu vikombe." Kila msichana alikuwa na kikombe chake, jina limeandikwa kwa rangi ya kucha. Nikamtania kwamba vikombe havina miguu ya kupotea.

Siku ya tatu tulipanda msituni kuona maporomoko. Saa tisa alasiri ukungu ukashuka ghafla, hata viatu vyetu hatukuviona. Nikapuliza filimbi. Kumi na saba alichelewa kidogo, akaitika kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Hesabu ikafika ishirini na nne, tukashuka. Kwenye kijito niliwavusha kwa mkono, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa amejifunika kofia ya koti la mvua. Sote tulikuwa tumelowa chapachapa, lakini mkono wake ulikuwa mkavu kabisa, tena baridi. Je, nilisimama nikafikiri? Wapi! Niliwaza chai tu.

Kambini chai ikamiminwa, kila mmoja akachukua kikombe chake. Kimoja kikabaki mezani. Kilikuwa cha Nafula, namba kumi na saba.

"Si nilikuambia?" Mama Chebet akasema, akachukua tochi bila kungoja jibu. Nikamfuata mbio. Ningemwambia nini mama yake Nafula, aliyenikabidhi mtoto huyo stendi ya Kitale huku akiniita dada?

Tulipanda tukimwita kwa jina mpaka sauti zikakauka. Karibu na maporomoko akaitika. Alikuwa ameketi chini, amekumbatia magoti, na hatua tatu mbele yake kulikuwa na korongo lililofichwa na ukungu.

"Kuna msichana alikuja, mwalimu. Akaniuliza namba yangu. Akasema ati nisisonge, nikae tu hapa, yeye ataenda kuniitikia."

"Msichana gani?"

"Sijui. Si ni wetu?"

Nilimkumbatia nikalia, nikacheka, nikalia tena. Sijawahi kufurahi hivyo maishani mwangu. Mama Chebet akamfunika Nafula leso yake, akaninong'oneza nisiulize zaidi. Sikuuliza. Jioni hiyo Nafula alimaliza vikombe vitatu vya chai, akalala fofofo.

Siku hizi yeye mwenyewe ni mwalimu, yuko Webuye, na hunipigia simu kila Agosti. Yule mwingine sijui kama nimshukuru au nimwogope. Lakini kambini hatugawi namba tena, na Mama Chebet humimina kikombe kimoja cha ziada, kisicho na jina.

Nawe ukipeleka watoto wa watu mlimani, waite kwa majina na uwatazame usoni. Namba, yeyote anaweza kuiitikia.