Kiti cha Mbele

Tulitoka Kasongo kwa pikipiki mbili, mimi na rafiki zangu watatu, kwenda Wamaza kununua jipi kuukuu. Njia nzima tuligombania nani atakaa kiti cha mbele nikiirudisha nyumbani.

Hakukaa mtu. Pikipiki zilihitaji waendeshaji wake, na yule wa tatu, alipoona jipi yangu inavyotambaa kwenye matope, alipanda pikipiki nyuma ya mwenzake. Wakanipungia mkono, wakapotea.

Nikafika kwenye daraja la magogo. Dereva hapiti hapo bila mtu wa kusimama ng'ambo na kumwonyesha kwa mikono magurudumu yakanyage wapi. Nilizima gari, nikawangoja warudi. Nikawatukana, halafu nikangoja tena.

Akaja mama mmoja na jembe begani.

“Motokari muzima, na uko peke yako?”

Hakungoja jibu. Alivuka, akaweka jembe chini, akaniongoza kwa mikono, polepole, mpaka nikafika upande wake.

Nikamfungulia mlango wa mbele. “Mama, panda, nikufikishe.”

“Aksanti, mutoto wangu,” akasema, akiokota jembe. “Shamba yangu iko hapa tu.”