Mikono ya Sweta

Mama hafumi bila futi ya kupimia shingoni, na sindano ya kushonea haimtoki kifuani, imechomekwa kwenye gauni kama nishani. Midomo yake huhesabu vitanzi kimyakimya. Ukimsemesha katikati hukuinulia kidole usubiri, na akikosea kitanzi kimoja tu hufumua mstari mzima huku akijitukana. Ndiyo maana binti yake, alipoinama kwenye kikapu kumtafutia mkasi, mwili ulimsisimka. Chini ya kifua na mgongo wa sweta la mjukuu kulikuwa na mikono mitatu, yote imefumwa vizuri, hakuna kitanzi kilichopotea.

“Umeona nini?” Mama aliuliza bila kuinua macho.

“Natafuta mkasi, Mama.”

“Mikono ya sweta. Hebu nihesabie. Mimi naogopa.”

Binti akausukuma mmoja chini ya vitambaa. “Miwili, Mama. Umeshamaliza.”

Sindano za kufumia zikasimama. Mama akautazama mkono uliokuwa ukining'inia mapajani mwake, umeshafika kiwikoni.

“Na huu je, mwanangu?”