Usikande

Waliponiwekea betri ya moyo, chini kidogo ya bega la kushoto, jambo la kwanza nililouliza ni lini nitarudi kwenye unga wangu. Daktari alisema baada ya wiki sita, mkono ukishapona. Niliona si mbaya. Mtu aliyekuwa akianguka sokoni kama gunia hana haki ya kunung'unika, ingawa nilinung'unika.

Nilikuwa nikiuza mandazi Wandegeya, mbele ya hosteli za wanafunzi, tangu nilipofika Kampala kutoka Kongo na binti yangu mgongoni. Mandazi ndiyo yaliyotulea. Binti sasa ni mtu mzima, tena ndiye aliyeniokota nilipoanguka mara ya mwisho, kichwa changu hatua moja tu kutoka kwenye karai la mafuta. Tangu siku hiyo alikuwa akiniangalia kama maziwa yaliyo motoni.

Wiki sita zilikwisha, nikakanda. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Nikisukuma unga dakika mbili, moyo unatimua mbio kana kwamba nimeiba kitu. Nikipanda pikipiki kwenye mashimo ya Kawempe tunakoishi, nimekaa zangu kimya, moyo unakimbia vilevile. Lakini nikipanda kwa miguu kilima cha kwenda nyumbani, pale ninapouhitaji ukimbie, unajikokota, na miguu inakuwa mizito mpaka nashika ukuta wa watu.

Siku ya kupimwa nilimkuta fundi wa betri hizo, mwanamume mpole mwenye miwani. Baba yake alikuwa polisi, kwa hiyo Kiswahili alikipata utotoni kambini, na alifurahi kupata mtu wa kukizungumza naye. Aliniwekea kifaa kifuani, akatazama kompyuta yake, akaniuliza moyo unanisumbua wakati gani.

"Nikikandaka," nilimjibu. "Nikianza tu kukanda, unakimbia."

Alivua miwani. "Mama, hapana kukanda. Hii kitu iko na waya. Ukikanda-kanda, waya itatoka mahali yake."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Wacha kabisa."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za pikipiki na kilima, lakini baada ya neno hilo sikuona cha kuongeza. Nilimshukuru, nikatoka. Nje, binti yangu aliposikia, alinishika mikono yote miwili akasema Mungu amesikia.

Beseni la unga likahamia kwake. Sitasema mandazi yake yalikuwa mabaya. Nitasema tu kwamba wanafunzi walianza kuagiza chai zaidi ya kuyalowekea. Mimi nilipewa kiti kivulini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mimi nilikaa miezi mitatu kwenye kibanda changu mwenyewe na hakuna aliyenipa hata kijiko. Nilikuwa na huzuni, na huzuni yangu hutoka ikiwa hasira. Niligombana na muuza mkaa, nikagombana na shangazi wa muuza mkaa, ambaye alikuja tu kutusuluhisha.

Nilirudi kwa fundi, safari hii binti akiwa kando yangu.

"Umewacha kukanda?" aliuliza.

"Nilishaacha. Sasa mi niko mutu bure."

"Bure namna gani? Mtu anakuwa bure juu ya kuwacha kukanda kifua?"

"Nani alisema kifua?"

Akanyooshea kidole mahali pa betri. Yeye alidhani najikanda kidonda kwa maji ya moto, kama wazee wengi wafanyavyo panapouma.

"Bunga, dokta," nilimwambia. "Mi nakandaka bunga. Ya mandazi."

Alicheka mpaka akafuta miwani. Kisha akaacha kucheka, akaniomba radhi kwa dhati, na hilo lilinipendeza zaidi. Akakunja shuka la kitanda, akaniwekea mezani. "Kanda, nione."

Nikakanda shuka. Kwenye kompyuta namba ilitoka sitini ikapanda hadi kupita mia. Safari hii nikamweleza pia habari za pikipiki na kilima. Akanieleza kwamba ndani ya betri mna kitu kinachosikiliza mtikisiko wa mwili. Mabega yakitikisika, kinadhani ninakimbia, na pikipiki hukidanganya vivyo hivyo. Nikipanda kilima taratibu, kifua kimetulia, kinadhani nimepumzika.

"Naweza kupunguza masikio yake," alisema. "Unga itakuwa sawa, lakini kilima itakuwa mzito kuliko sasa. Ama niongeze, kilima ikuwe rahisi, na unga ikusumbue. Mama, chagua."

"Kilima," alisema binti yangu kabla sijafungua mdomo. "Mama, kilima ndicho kitakuangusha."

Nilimwambia kilima nitakipanda nikipumzika mara tatu, hata mara tano, kawia ufike. Lakini unga ukikandwa kwa kupumzika unakuwa mandazi kama yake. Nilitarajia acheke. Macho yalimjaa machozi akageukia dirishani, nami niliona aibu, lakini sikubadili neno.

Fundi alipunguza kidogo, nikakanda shuka. Akapunguza tena, nikakanda tena. Safari ya nne moyo ulitulia, na mimi nilikuwa nimetoka jasho la furaha.

Kesho yake kibandani, binti aliniletea beseni mwenyewe. Nilipotia mikono kwenye unga, alisimama nyuma yangu, akaweka kiganja mgongoni, upande wa kushoto.

"Naogopa tu, mama," alisema.

"Najua," nilimwambia. "Hata mimi."

Nikaendelea kukanda. Hakuutoa mkono mpaka unga ukalainika. Kisha akautoa, akaenda kuwasha mkaa.