Difu la Nyuma la Bi Sitara

Sitara binti Mfaume hakuwa mwanamke wa kupendwa, wala hakupata kuomba apendwe. Mtaa mzima wa Sikukuu, hapo Kariakoo, ulimjua kwa ulimi wake na kwa Landrova yake. Ulimi alikuja nao kutoka kwao Utete. Landrova aliachiwa na mumewe, Zahoro, aliyeanzisha biashara ya kuleta mchele na mikeka kutoka Rufiji, kisha homa ikamchukua kabla hajaifaidi.

Arobaini ilipokwisha, ukoo wa Zahoro ukakaa kugawa. Nyumba haikuwa na maneno, ilikuwa ya kupanga. Maneno yalikuwa kwenye gari. Shaibu, mdogo wake marehemu, karani wa shirika la umma, mtu wa kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka inakata, alisema ni aibu gari la kaka yake kuendeshwa na mwanamke.

"Watu watatucheka," akasema.

"Watacheka nini?" Sitara akamjibu kutoka mlangoni, kanga ya msiba bado iko kichwani. "Kaka yako ndiye aliyenifundisha. Na wewe alikufundisha, ukaangusha banda la mkaa la watu."

Aliyewanyamazisha ni Bi Zamzam, shangazi yao, mwanamke aliyezika waume na wanawe na hakubakiwa na mtu wa kumwogopa. Alisema, "Gari si shamba, halikatwi mapande. Sitara analo, akae nalo. Shaibu akiwa na haja nalo, apewe, ni gari la nduguye. Lakini sitaki kuliona juu ya mawe, kuku wanataga ndani. Kati yenu wawili, atakayelilaza, haki yake imekufa siku hiyo."

Basi toka siku hiyo Shaibu akawa anapita kila jioni akitoka kazini. Hakupita kusalimia. Alipita kutazama kama gari limelala.

Na mwaka ule wa themanini na moja gari kulala halikuwa jambo la ajabu. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na tairi hata foleni yake haikuwapo. Tairi za Sitara ziliisha mpaka nyuzi zikachungulia. Akazunguka Gerezani yote, akazunguka Ilala, tairi za kimo chake hakuna. Alichopata ni tairi kubwa nne zilizotoka kwenye gari la shamba la mkonge, nene, zenye meno kama ya mamba. Akazichukua. Fundi wake, Eliasi, Mchaga wa Machame mwenye gereji ya mabati kule Gerezani karibu na reli, akazifunga huku akinung'unika.

"Mama, gari litapendeza," akasema, "lakini halitakwenda."

"Limekuwa na miguu mirefu, litashindwaje kwenda?"

"Utaona."

Akaona. Lilipobeba magunia ya mchele likashindwa kilima kidogo tu cha Kongowe. Gia ya tatu likalia, gia ya pili likatetemeka, likapanda kwa gia ya kwanza kama mgonjwa anayepandishwa ngazi. Klachi ikanuka mpaka abiria wakashuka. Jioni ile Shaibu alipopita, alisimama muda mrefu kuliko siku zote, akanusa, akatabasamu.

"Shemeji, linaumwa?"

"Linasikia harufu yako," Sitara akasema, akabamiza mlango.

Kesho yake alfajiri yuko Gerezani, amesimama mlangoni kwa Eliasi kabla fundi hajafungua kufuli. Eliasi hakuwa mtu wa kubembeleza. Akamweleza hivyo hivyo, spana mkononi. Kwenye kila ekseli, ya mbele na ya nyuma, kuna difu, na ndani ya difu kuna gia ndogo inayoizungusha gia kubwa. Ile ndogo inazunguka mara nyingi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Sasa gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, kwa hiyo injini inabeba zaidi kwa kila mzunguko, na injini ni ile ile. Tiba yake ni difu ambalo ile gia ndogo inazunguka mara nyingi zaidi.

"Mtu ukimwongezea mzigo, unampunguzia hatua," Eliasi akasema. "Ndiyo hivyo."

"Ungesema hivyo siku ya tairi."

"Ningesema ungesikia?"

Wakaingia kwenye vyuma chakavu. Namna ya Eliasi ya kupima ilikuwa ni jeki na chaki. Ananyanyua gurudumu moja la nyuma, jingine linabaki chini, anachora mstari kwenye shafti inayoleta nguvu ya injini kwenye difu, kisha gurudumu lililo hewani linazungushwa mara mbili, kwa sababu mwenzake amesimama, na shafti inahesabiwa. Sitara mwenyewe alizungusha. Gari lake shafti ilikwenda mara nne na zaidi kidogo ya nusu. La lori moja bovu ilikaribia saba, na Sitara akashika kiuno kwa furaha, akasema hilo hilo.

"Hilo la lori," Eliasi akasema. "Kwanza halitaingia. Na hata lingeingia, ungekuwa unalia barabara nzima ya lami, petroli yenyewe hii ya kibali. Utafika huku kutoka Rufiji mchele umeoza. Tunataka la katikati."

La katikati lilikuwa kwenye mzoga wa Landrova nyingine nyuma ya karakana, mara tano na nusu. La nyuma lilikuwa zima kabisa, linang'aa kwa grisi ya zamani. La mbele maji yalikuwa yameingia, meno yameliwa na kutu.

Hapo Eliasi akavua kofia. "Mama, subiri nitafute la mbele. La nyuma na la mbele lazima yafanane. Yasipofanana, siku utakayotaka magurudumu yote manne yavute, ya mbele yatataka kukimbia, ya nyuma yatataka kutembea, na shafti zimefungwa pamoja. Patakatika kitu."

"Nikisubiri, gari linalala. Likilala si langu."

"Basi nafunga la nyuma peke yake. Lakini kirungu cha njano, kile cha kuyafanya magurudumu ya mbele nayo yavute, ukione kama moto. Kwenye tope usiende."

Sitara akachana pindo la kanga yake nyekundu, akakizungushia kile kirungu cha njano, akafunga fundo la nguvu. Na kiangazi chote gari likafanya kazi. Kongowe likapanda kwa gia ya tatu likiwa na magunia, taratibu, bila kulia. Shaibu akawa anapita upande wa pili wa barabara.

Mvua za vuli zilipoanza, akaja mlangoni. Siku hiyo Bi Zamzam alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, Jumapili asubuhi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

"Shemeji, leo nina haja na gari. Nina wageni wa ofisini, nawatembeza."

Shangazi akainua macho, akamtazama Sitara. Neno lake la arobaini lilikuwa pale pale. Sitara akaenda ndani akaleta funguo, akazishika hewani kabla ya kumpa.

"Sikiliza, Shaibu. Hicho kirungu nilichofunga kanga usikiguse. Nyuma meno mengine, mbele meno mengine. Ukikibonyeza utavunja."

"Unanifundisha gari la kaka yangu?"

"Nakufundisha kukaa na mkono wako mapajani. Hilo hata mtoto wa chuoni analiweza."

Shaibu akanyakua funguo, sura imemgeuka. Sitara angeweza kumwambia kwa upole. Maneno ya upole aliyajua, aliwapa wateja wake sokoni kila siku wakarudi. Shaibu hakuwa mteja. Bi Zamzam akarudi kwenye mchele wake, akatoa chuya moja, akaitupa mbali.

Yaliyotokea huko waliyasimulia hao hao wageni wa ofisini, na Kasmir, karani mwenzake aliyekuwa nao, jirani wa mtaa wa pili. Shaibu aliwapeleka Jangwani. Bonde limelowa, watu wamejaa kando wanatazama maji, na yeye akataka kuwaonyesha tairi kubwa ni nini. Akateremka kwenye tope. Gari likazama kidogo, likateleza, watu wakaanza kupiga miluzi. Shaibu akainama, akaivuta ile kanga kwa meno mpaka ikafunguka, akafutia kioo, akaitupa dirishani. Akabonyeza kirungu. Gari likatoka! Lilitoka likirukaruka, linapiga kwikwi, lakini lilitoka, kwa sababu tope linasamehe, gurudumu linateleza tu. Miluzi ikageuka makofi. Kasmir anasema Shaibu alitoa mkono dirishani akawapungia kama mgeni wa serikali.

Kumbe saa inakaribia nane. Enzi hizo Jumapili ikigonga saa nane mchana, gari la mtu binafsi likikutwa barabarani linakamatwa, na karani wa shirika la umma akikamatwa, kesho anajieleza. Shaibu akapanda Barabara ya Morogoro mbio, kirungu kiko chini vile vile. Lami haisamehi. Gari likawa linakokotana lenyewe, usukani mzito, chini kunalia kama mtu anasaga mifupa. Kasmir akamwambia simama. Shaibu akasema ni tope linadondoka. Kabla ya kufika Faya, kwenye kituo cha zimamoto, ukasikika mlio mmoja, kavu, na gari likasimama katikati ya barabara.

Walilisukuma. Wageni wa ofisini na suti zao, kutoka hapo mpaka Mtaa wa Sikukuu, na askari mmoja anawafuata na baiskeli kuhakikisha haliwashwi.

Bi Zamzam alikuwa bado barazani. Shaibu hata hakuingia kivulini.

"Shangazi, huyu mwanamke amenitega! Gari bovu amenipa makusudi!"

"Alikwambia usiguse, hakukwambia?"

"Aliniambia kwa dharau!"

"Sikukuuliza aliimba au alilia. Alikwambia?"

Shaibu akatazama viatu vyake, tope mpaka kwenye soksi.

"Alinambia."

"Basi wewe ndiye uliyelilaza. Haki yako imekufa. Usipite tena jioni kulichungulia."

Sitara hakushangilia. Alikuwa chali chini ya gari, kanga imeburuzika kwenye tope, anapapasa shafti ya mbele kwa mkono. Alipotoka alikuwa na kipande cha chuma kilichovunjika, chenye ncha. Akakiweka juu ya baraza mbele ya shemeji yake.

"Kichukue hicho. Hiyo ndiyo sehemu yako."

Gari lilikaa juu ya mawe mpaka masika yakapita, kuku wakataga ndani, na Bi Zamzam akaliacha kwa Sitara, maana hapakuwa tena na mwingine wa kumpa. Eliasi alipata difu la mbele kwa watu wa Tanga. Sitara hakulipokea kwa kuambiwa. Alilitia jeki mwenyewe, akachora chaki, akazungusha mara mbili, akahesabu mpaka tano na nusu, ndipo akasema lifungwe. Akaenda Rufiji kwenye tope na jua kwa miaka mingi baadaye, na Shaibu akihudhuria misiba ya ukoo alikaa upande ule, Sitara upande huu.

Kwenye kirungu cha njano hakufunga kanga tena.