Kushikiliwa Mguu Kulesa

Katika miaka ya hamsini, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa pale Kulesa, kando ya mto, nilianguka kutoka kwenye dungu, jukwaa la miti, nikiwinga ndege shambani mwa mpunga, nikavunjika mguu. Nililala muda mrefu, goti limekunjwa juu ya gunia. Mfupa ulipounga, mguu ulikataa kunyooka. Nyuma ya paja palikaza kama ugwe uliovutwa.

Mganga wa mifupa alimwonyesha mama mkwe la kufanya.

"Inua polepole. Ukifika penye kukaza, shikilia hapo hapo. Usiukurupushe."

"Nishikilie mpaka lini?"

"Mpaka msuli uchoke kukataa."

Basi kila asubuhi mama mkwe alikaa mwisho wa kitanda, akaweka kisigino changu begani mwake, akainama mbele kidogo. Kisha alinyamaza, uso ukielekea mtoni, midomo ikichezacheza. Nilidhani anasali. Maumivu yaliwaka, yakapoa, ndipo aliposhusha mguu.

Siku moja nilimwuliza, "Mama, huwa unahesabu?"

"Sihesabu. Namwita wifi yako."

Wifi yangu sikumjua. Mto ulimchukua kabla sijaolewa, alipokwenda kuchota maji, na maiti yake haikuonekana. Kitanda nilicholalia kilikuwa chake.

"Namwita moyoni," alisema, "kisha nasubiri kiasi cha mtu aliye ng'ambo kuitika. Asipoitika, nashusha."

Tangu hapo nami nikawa nasikiliza. Mguu ukiwa juu, nyama zikitetemeka, nilisikia maji, ndege, mchi wa jirani, na katikati ya hayo kimya fulani kilichonifanya nizuie pumzi.

"Pumua," aliniambia. "Ukijikaza, na msuli unakaza."

Asubuhi moja alishikilia kupita kawaida. Maumivu yalikuwa yamekwisha kitambo, mguu umeanza kufa ganzi. Nikaona machozi yakimtiririka.

"Mama, umesikia nini?"

Aliushusha mguu kwa mikono miwili, akatoka nje. Siku ile hakula.

Mvua zilipokatika nilikuwa natembea bila fimbo. Mume wangu akapata kazi Garsen, tukamsihi mama ahame nasi. Alikataa.

"Akirudi akute mlango umefungwa?"

Tulipoondoka alikuwa amesimama ukingoni, ametugeuzia mgongo, uso ukielekea mtoni.