Kibao cha Tangi la Tatu

Mwalimu alifundisha Kijerumani miaka kumi na tisa, mpaka shule ilipolifuta somo lenyewe. Hata hajakaa sawa, figo za mumewe zikagoma, ikawa lazima asafishwe damu mara mbili kwa wiki. Kiwanda cha siki kilipotafuta mtu wa kutafsiri maneno ya uchachushaji kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, alikimbilia. Kazi ilikuja na kadi ya bima, na kadi ndiyo iliyombeba mume.

Mitambo ilitoka Ujerumani, na mafundi waliokuja kuifunga hawakujua Kiingereza. Mwalimu naye alijua sarufi. Mambo ya kimea na hamira aliyajua ya jikoni tu. Alitafsiri popote, hata kwenye benchi la hospitali, kalamu mkononi, sikio kwa muuguzi.

Hapo benchini ndipo alipotafsiri kibao cha tangi la tatu. Kiingereza kilisema tangi bado linachachuka. Neno la Kiingereza la "bado", still, Wajerumani wanalo pia, herufi kwa herufi, ila kwao ni "kimya". Muuguzi akamwita. Mwalimu akaandika haraka stille Gärung, akainuka. Kwa fundi, maana yake ni kwamba uchachukaji umeshatulia na tangi ni salama kufunguliwa.

Jumatatu asubuhi, akipita kwenye matangi, akakisoma kibao kikiwa kimeshatundikwa. Mtego uleule aliowaonya wanafunzi kila mwaka! Juu ya ngazi, fundi Mjerumani alikuwa amefungua mfuniko, kichwa na mabega vimezama ndani.

"Raus!" alipiga kelele. "Toka! Toka humo!"

Miguu ya fundi ikalegea. Msimamizi wa matangi, mzee mfupi waliyemwita Kizibo, alipanda ngazi kama paka, akamkamata mkanda, akamvuta. Hewa ya uchachu humnyima mtu pumzi, nayo haina rangi wala huruma. Walimlaza sakafuni, midomo imebadilika rangi, mpaka akakohoa. Alipelekwa hospitali, akapona.

Kizibo akamvuta Mwalimu pembeni. "Kijerumani hapa unakijua wewe na hao mafundi tu, na aliyekisoma kibao ni huyo aliyebebwa. Futa, andika upya. Nani atajua?"

"Vibao viko ishirini na saba, mzee wangu. Nikinyamaza, nani atavikagua?"

Akaenda mwenyewe kwa meneja. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono kuomba kadi ya bima. "Pole, mama. Lakini mtu nusura afe."

Nyumbani mumewe hakuamini. "Umejichongea mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na mimi je, mke wangu? Mimi ulinifikiria?"

Alikuwa amemfikiria kila hatua ya ngazi ya kwenda kwa meneja. Akainama kumpangia dawa za jioni. Mume akageukia ukutani.

Siku mbili zilizofuata, Mwalimu alikagua nakala zake za vibao vyote kwenye meza ya jikoni, macho yamevimba, akagundua kosa jingine, la vali ya hewa. Akapeleka karatasi za masahihisho getini. Kizibo alitoka kuzipokea, akasema atavibadilisha vibao siku hiyohiyo, akashindwa kumtazama usoni.

Mwezi ulipoisha, hospitali ilimpunguzia mume kusafishwa damu kwa kukosa bima, ikawa mara moja kwa wiki. Miguu yake imevimba, viatu havimwingii. Mwalimu anazunguka ofisi hadi ofisi na vyeti vyake kwenye mfuko wa plastiki, na kila anapoulizwa kwa nini aliacha kazi kiwandani, anasema kweli.